Raba Zilizorudi Kavu

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, nami nina miaka kumi na minane kama wewe leo. Nimesimama katikati ya kiwanja cha mpira cha skuli pale Mtambile, mikono kiunoni, natweta, na watu wananipigia makofi. Nilikuwa nimekizunguka kiwanja kile mara thalathini bila ya kusimama. Nimevaa raba nyeupe nilizotumiwa na dada yangu kutoka Unguja, nimezipaka chokaa mpaka zinaumiza macho. Jua zuri, kiwanja kikavu. Siku ile niliamini kabisa kwamba Pemba nzima haina mtu wa kunipita.

Nakianzia hapo kisa hiki kwa sababu jana ulinijia umenuna. Mwalimu wenu wa mbio amekutoeni Gombani, penye uwanja laini, akakuleteni kwenye vilima vya huku kwetu mvua inanyesha, ukafika kwangu una matope mpaka masikioni. Ukaniuliza, "Babu, mbio zenyewe si tutakimbia uwanjani? Sasa ya nini kuteseka?" Sikukujibu. Nilikupa chai ukanywa, ukaondoka na hasira zako. Jibu ninalo, lakini ni refu, tena lina aibu yangu ndani yake, na mtu mzima huwa hapendi kuitoa aibu yake kabla hajajiandaa. Leo nimejiandaa, kwa hivyo kaa kitako usikilize.

Zama zile, mwishoni mwa miaka ya hamsini, ilitangazwa kwamba patakuwa na mbio ndefu za vijana kutoka Mtambile hadi Gombani, na watatu wa mwanzo watapelekwa Unguja kushindana na wenzao wa huko. Gombani ya siku hizo si hii yenye majukwaa. Ulikuwa uwanda wa nyasi tu, mbuzi wakifukuzwa kwanza ndipo watu wacheze. Na mbio zisingepita barabara ya gari. Zingepita njia ya zamani ya miguu, unapanda kilima, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda kilima kingine. Wewe unaijua Pemba yetu. Ukikuta pahala palipo sawa, basi pana mpunga au pana kiwanja cha mpira.

Nilitaka kwenda Unguja kuliko kitu chochote, na si kwa sifa peke yake, ingawa sifa nilizipenda, sikufichi. Dada yangu Mize alikuwa ameolewa huko, na mwaka ule alijifungua mtoto wake wa kwanza. Baba yetu alikwisha kufariki. Mama alikuwa hajamwona Mize kwa miaka mitatu, na mjukuu hakuwahi kumtia machoni, lakini mikarafuu michache aliyotuachia marehemu ilimfunga asiweze kwenda popote. Basi akaanza kusuka ukili wa mkeka wa mtoto, mkeka mdogo wa ukindu, wenye zambarau na kijani, wa kumlazia kichanga.

"Utampelekea wewe," aliniambia. "Mie sitaki kumpa mtu wa meli. Nataka mkono wa mwanangu ndio umkabidhi mwanangu."

Nikamwahidi, tena mbele ya majirani, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

Ili nipate kujizoeza, mama aliniachilia kazi za alasiri. Hapa lazima nikueleze kidogo, maana nyinyi karafuu mnaziona kwenye magunia tu. Asubuhi tulikuwa tunachuma, mimi juu ya mti na pakacha langu, mama chini anavuta matawi kwa upembo, mti wenye ncha iliyopinda. Alasiri tunazichambua vikonyo, na huku tunaziangalia zile zilizoanikwa juu ya majamvi. Karafuu iliyoanikwa ikipata mvua imeharibika, kazi ya wiki nzima imekwenda. Kwa hivyo sisi watoto wa Pemba tulilelewa hivi: ukisikia harufu ya mvua, acha ulichonacho, kimbia nyumbani ukaanue. Nimeona watu wakitoka harusini na biriani mkononi. Mama alisema kuanua ataanua mwenyewe, mimi nishike mbio zangu.

Sasa turudi kiwanjani. Makofi yalipokwisha nikaona mtu mmoja hakupiga. Alikuwa Mzee Shaame, aliyekuwa tarishi wa serikali kabla gari hazijawa nyingi. Kwa miaka mingi alibeba mfuko wa barua kwa miguu baina ya Chake Chake na vijiji vya kusini, masika na kiangazi. Mtu mfupi, mkavu, na mashavu ya miguu yake hata katika uzee yalikuwa magumu kama kuni.

"Shikamoo, Mzee Shaame."

"Marahaba. Umezunguka mara ngapi?"

"Thalathini."

"Na vilima vya njia ya zamani umevipanda mara ngapi?"

"Hata mara moja, mzee. Nikivipanda sasa nitajichosha bure. Nitavipanda siku yenyewe."

"Na ikija mvua?"

"Mvua ikija n'nakwenda kuanua," nikasema, ingawa mama alikwisha kuniachilia kazi hiyo.

Akanitazama raba zangu kwa muda mrefu. "Yakhe, weye una mbio za jua," akasema. "Kiwanja hiki siku ya mashindano hakitakufuata njiani. Kesho baada ya alasiri njoo kwenye kilima cha kwanza. Mvua inyeshe isinyeshe, uje."

Maneno yale yalinikera, lakini nilikwenda. Nilimkuta Mzee Shaame na kijana wa rika langu aitwaye Hamad, mtoto wa mpanda minazi, hana viatu, hana maneno mengi. Palikuwa na mawingu tu. Mzee akatwambia tupande kilima kile mbio, tushuke, tupande tena, mara sita. Hamad alipanda mara sita. Mimi mara ya tatu nilitapika, ya nne nikatembea, ya tano nikasema nimepata kichomi. Siku ya pili yake mapaja yaliniuma hata msikitini nikirukuu nashika ukuta. Na kule kilimani hakukuwa na mtu hata mmoja wa kunipigia makofi, mwanangu. Sasa naweza kusema, hilo ndilo lililoniuma zaidi ya mapaja.

Siku ya tatu wingu lilikuwa zito. Nilitoka nyumbani na raba zangu kwa nia njema kabisa. Njiani palikuwa na tanuri la mbata, banda la makuti ambamo nazi zilikaushwa kwa moto wa makumbi na vifuu. Mwenye tanuri alikuwa rafiki wa marehemu baba. Mvua ikaanza, nikajibanza mlangoni mwake. Nikajiambia nitangoja ikatike, kisha niende. Mle ndani mlikuwa na joto zuri, na mzee yule ana muhogo wa kuchoma. Mvua haikukatika mpaka jua likakaribia kuchwa. Nikarudi nyumbani.

"Mazoezi vipi?" mama aliniuliza.

"Mazuri."

Nilijibu neno moja tu, tena kwa wepesi, na baada ya hapo yaliyofuata yalikuwa mepesi zaidi. Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya mvua nyingi. Kukiwa na jua nilikwenda kiwanjani nikapate makofi yangu. Kukiwa na mvua au upepo nilikwenda tanurini. Mzee Shaame nikimwambia mama ananihitaji nikaanue. Mama nikimwambia Mzee Shaame ananingoja kilimani. Nimewajua waongo wengi katika maisha yangu, lakini sijaona aliyejipanga vizuri kama mimi mwaka ule.

Siku moja katika siku hizo sijaisahau. Mvua ilikuja ghafla na upepo mkali, nami nimo mlangoni mwa banda, muhogo mkononi. Ng'ambo ya bonde ndiko ilikokuwa nyumba yetu. Nikamwona mama. Alikuwa anakunja jamvi, analiburura mpaka ndani, anatoka tena mbio kufuata jingine, kanga imemganda mwilini. Majamvi yalikuwa matano. Na upande wa pili, juu ya kilima, nikamwona Hamad anapanda, kichwa chini, peke yake. Nilitaka kutoka. Wallahi nilitaka. Lakini ningekwenda kwa mama angeniuliza mbona siko kilimani, na ningekwenda kilimani Mzee Shaame angeniuliza mbona siko nyumbani. Nikabaki pale pale nikamaliza muhogo.

Ikafika Jumamosi ya mbio. Asubuhi mama alinionesha mkeka. Ulikuwa umekwisha, umeshonwa vizuri, ukingo wake wa zambarau. Akaukunja akaufunga kwa ukambaa, akauweka juu ya sanduku. "Ukirejea utaukuta tayari," akasema.

Tulikuwa vijana wapatao thalathini. Mwanzo wa njia ulikuwa sawa, unapita kando ya kiwanja cha mpira, na pale nilitangulia mbele ya wote. Watu wakapiga makofi, wakaniita jina. Hata kilima cha kwanza nilikipanda nikiwa mbele, ingawa nilifika juu moyo unanipiga masikioni. Kushuka ndiko kulikonifichua. Nilikuwa sijui kushuka. Nikijizuia kwa visigino, magoti yakatetemeka, na kila hatua ikanigonga mpaka kiunoni. Wawili wakanipita wanateremka kwa hatua fupi fupi kama watu wanaoteremka ngazi za nyumba yao.

Kwenye kilima cha pili mvua ikaanguka. Na mimi, mwanangu, jambo la kwanza nililofanya nilitazama pembeni kutafuta pa kujibanza. Huo ndio ukweli. Miguu yenyewe ilikwisha kujifunza kwamba mvua ikija mbio zimekwisha. Ukishajizoeza kukimbilia banda, mwili unakuwa hauna habari ya kitu kingine. Nilijilazimisha kuendelea, lakini pumzi ilikwisha kuvurugika, maji yananiingia machoni, na udongo ule mwekundu unaujua unavyokuwa ukirowa. Raba zangu nzuri, nyayo zake laini, zikawa hazishiki. Nilianguka mara ya kwanza nikacheka. Nilianguka mara ya pili nikachubuka goti. Hamad alinipita hapo, miguu mitupu, anatia vidole kwenye udongo, macho yake yako hatua tatu mbele. Hakuniangalia. Hakuwa na kiburi, alikuwa na kazi.

Nilifika Gombani wa kumi na moja. Hamad alikuwa wa mwanzo na alikwisha kupumzika, anatafuna muwa. Mzee Shaame alikuwa amesimama mwisho wa njia na koti lake la zamani la utarishi. Alinivalisha koti lile kabla hajasema neno.

"Mvua, mzee," nikamwambia. "Ingekuwa jua mimi ningekuwa—"

"Mvua imewanyeshea wote," akasema. "Na kilima hakina ugomvi nawe. Hakikujui tu. Umekwenda mara ngapi kukiamkia?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa barabara kubwa, makusudi nisikutane na wenzangu, nikafika jua linakaribia kuzama. Mama alikuwa kibarazani anachambua karafuu. Habari zilikwisha kumfika kabla yangu. Nikakaa kwenye kizingiti nikaanza kumweleza habari za mvua, habari za udongo, habari za nyayo za raba. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusita kuchambua. Kisha akatazama miguuni mwangu. Raba zile nyeupe zilikuwa nyekundu tupu na zinachuruzika maji.

"Leo ndiyo mara ya mwanzo kuziona zimerowa," akasema.

Nikaanza kuzivua.

"Vuli yote hii mvua inanyesha," akasema mama, wala hakupandisha sauti. "Weye unatoka kwenda mbioni, unarejea mkavu, unanuka moshi wa mbata. Na mie niliyebaki nyumbani ndiye niliyerowa."

"Ulijua, mama? Mbona hukuniambia?"

"Kila siku nikisema, labda kesho atarejea karowa."

Nimezika mara nyingi katika maisha haya, mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mke, lakini sikumbuki neno lililonikata kama lile. Angenipiga ningeona nafuu. Aliinuka, akauchukua mkeka juu ya sanduku, akautundika nyuma ya mlango. Siku ya pili nilipopanda mikarafuu niliona jambo jingine. Matawi ya juu, yale ambayo upembo wa mama haukuyafika, nami asubuhi nikiyaruka ili nihifadhi miguu yangu, karafuu zake zilikuwa zimechanua zote, zimekuwa maua. Karafuu ikichanua haifai tena kuchumwa. Nilikaa juu ya mti ule nikalia, na namshukuru Mungu kwamba mikarafuu ina majani mengi.

Wiki ile ile nilikwenda kwa Mzee Shaame. Nilimweleza habari ya tanuri, yote, na muhogo nao. Hakushangaa hata kidogo. Nikamwomba radhi.

"Radhi kaombe kwa mama yako," akasema. "Kwangu omba kazi."

Akanipa kazi, tena akaipanga kwa namna ambayo mpaka leo naicheka. Aliniambia alasiri nikapande kilima kama kawaida, lakini niwe naangalia wingu. Nikisikia harufu ya mvua nishuke mbio mpaka nyumbani, nivuke bonde, nimsaidie mama kuanua majamvi yote matano, kisha nirudi mbio kilimani mvua ikiwa imeshapamba moto. Mama naye akakubali, kwa sharti nisiyakanyage majamvi kwa miguu ya matope. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kushuka kilima, mwanangu. Nilijifunza kwa kuziwahi karafuu.

Sasa ninakujibu swali lako. Nitakueleza alivyonieleza Mzee Shaame, mtu aliyekuwa hakusoma vitabu vya mwili lakini alikuwa na kilomita zake miguuni. Mbio za mahala sawa zinafanya kazi sehemu ile ile ya mguu siku zote. Ukipanda kilima, mapaja na mashavu ya miguu yanabeba uzito wako wote kila hatua, na yakishazoea kubeba, siku ukiwekwa mahala sawa yanajiona yameshushiwa mzigo. Kilima pia kinakufunza pumzi. Ukikipanda kwa pupa kinakunyang'anya pumzi kabla hujafika nusu, kwa hivyo unajifunza kupunguza hatua, kuinama kidogo, kupumua kwa mpango, na kujua umebakiwa na kiasi gani. Kushuka kunafunza magoti na vifundo, na kunakufunza kuuamini mguu wako unapokwenda kasi kuliko unavyopenda. Udongo wa utelezi unakufunza pa kukanyaga.

Na mvua na upepo, nazo zina somo lake. Mvua haiongezi nguvu ya mguu. Inakuzoesha tu. Mtu aliyekimbia siku kumi katika mvua, siku ya kumi na moja akinyeshewa haoni jambo geni, anaendelea na hesabu ya pumzi yake. Asiyewahi kukimbia ndani yake anapoteza nguvu zake kwa kushangaa, kwa kukasirika, na kwa kutafuta banda. Mimi nimezipoteza hivyo, ninajua ninachosema.

Lakini usije ukanielewa vibaya ukaenda kujiua. Mzee Shaame hakuwa mpumbavu. Radi ikianza kupiga alitushusha kilimani mara moja na kutufungia ndani kwake. Goti likivimba alinikataza hata kutembea kwenda dukani. Na baada ya siku mbili za kilima alitupa siku ya kukimbia polepole mahala sawa, kwenye kiwanja kile kile cha mpira, ili mwili upate kujijenga. Alikuwa akisema kilima ni dawa, na dawa ina kipimo. Tofauti ya mtu anayepumzika na mtu anayejificha anaijua mwenyewe, haihitaji shahidi.

Kila nikirudi, mama alizichukua raba zangu, akazijaza makumbi makavu ndani, akaziweka karibu na jiko zikauke polepole. Mara ya kwanza alipofanya hivyo aliziminya kwanza, maji yakatoka, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na bei. Weupe wake ulikwisha kabisa. Ilipofika vuli ya pili raba zile zilikuwa na rangi ya udongo na kidole changu gumba kinatokeza nje.

Mwaka uliofuata mbio zilifanywa tena. Siku hiyo, niamini, hapakuwa na hata tone la mvua. Jua kali, njia kavu, upepo hakuna. Nilicheka peke yangu pale penye mstari. Nilipofika kilima cha pili, kile kilichoniangusha, nilikuwa wa saba, na nilikipanda kwa hatua fupi, nikawapita wanne ambao walikuwa wanaungua kwa pupa yao. Sikupigiwa makofi, maana pale hapana mtu, na sikuyakumbuka. Niliingia Gombani wa tatu. Hamad alikuwa wa mwanzo tena. Sikumpata Hamad hata siku moja mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Tukapelekwa Unguja sisi watatu. Huko mbio zilikuwa mahala sawa kama meza, nikawa wa sita, na sikuona haya. Baada ya mbio niliuchukua mkeka wa mama nikaulizia nyumba ya Mize mpaka nikaifika. Dada alipofungua mlango tulilia tu. Nikampa mkeka. Nikamwambia maneno ya mama, kwamba alitaka mkono wa mwanawe ndio umkabidhi mwanawe.

Mize akakata ukambaa, akautandika mkeka sakafuni, akamwita mwanawe. Mtoto akaja kwa miguu yake mwenyewe, anatembea. Mwaka mzima na zaidi ulikwisha kupita. Mize akamlaza juu ya mkeka ili tumwone alivyopendeza, na kichwa kikawa kwenye ukingo mmoja na miguu imepita ukingo wa pili, inalala juu ya saruji.

Mize akacheka. "Mama kausuka mdogo," akasema.

"Hakuusuka mdogo," nikamwambia. "Mimi nimeuchelewesha."

Hilo ndilo jibu, mwanangu. Mwalimu wenu hakutesi. Anakupa kilima leo, ukiwa na muda wa kuanguka na kuinuka, kwa sababu siku yenyewe ikifika haitakuuliza kama uko tayari, na kuna mtu nyumbani kwako anayengojea kitu kutoka kwako ambacho mwaka kesho hakitakuwa na kazi ile ile. Nakuusia haya: panda kilima mapema, ukiwa huna shida nacho. Mvua ikikukuta mazoezini, endelea, isipokuwa iwe ya radi. Ukichoka, pumzika, na useme umepumzika. Usimwambie mama yako umekimbia ikiwa hukukimbia, maana anajua, na kunyamaza kwake hakuna maana kwamba amedanganyika.

Kesho nendeni mlimani. Wingu naliona kusini linajikusanya. Ukimaliza pita hapa, makumbi makavu ninayo na jiko nitaliwasha. Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu na magoti mazima, akuzidishie haya ya kusema uongo, akufikishe unakokwenda wakati wanaokungoja bado wanakuhitaji. Na akurejeshe kwangu umerowa.